Nilikimbia wiki nane, mizani ikashuka kilo moja

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilijiunga na majirani zangu wa Majengo katika mchakamchaka wa alfajiri. Kipindi hicho cha mwaka mji wa Moshi hujaa wakimbiaji, kwa sababu Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo zimekuwa zikifanyika hapa tangu 2003, huwa zimekaribia, na hata sisi tusio na ubavu wa kumaliza kilomita 42 hushikwa na hamu ya kununua raba. Nilikuwa na kilo 84 kwa urefu wa sentimita 160. Sehemu kubwa ya uzito huo niliupata baada ya uzazi wa pili, mama mkwe aliponilisha mtori kwa miezi mitatu, na kosa halikuwa la mtori wala la mama mkwe, bali langu mwenyewe, kwa kuwa niliendelea kula sahani ya mzazi hata mtoto alipokwisha kuanza shule.

Nilikimbia siku 5 kwa wiki, kwa wiki 8, bila kukosa. Mwishoni mizani ya duka la dawa ikasoma kilo 83.

Sababu niliijua, ila sikutaka kuikiri. Tukirudi mbioni tulipita kwa mama mmoja akaangaye maandazi njia panda, nami nilikula matatu kwa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, nikijiambia kwamba nimeyatolea jasho. Mtu wa uzito wangu wa wakati ule akikimbia polepole kwa nusu saa hutumia kalori zipatazo 300, na maandazi matatu pekee, yakitoka kwenye karai yakiwa bado yanang'aa mafuta, yalizirudisha zote na nyongeza juu. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja ili nipate ruhusa ya kula.

Masika yakaingia, njia zikawa tope, mchakamchaka ukakatika. Ndipo nikageukia upande wa pili: maji ya limau asubuhi, tunda mchana, supu ya mboga usiku. Katika wiki 3 nikapungua kilo 5, na watu wakanisifu. Lakini nilikuwa nikipanda ngazi za ofisini nikishika ukuta, nikiwafokea watoto kwa mambo madogo, na siku niliposhindwa kuvumilia nilikula chipsi mayai nikiwa nimesimama, kabla hata muuzaji hajanirudishia chenji. Hadi Julai nilikuwa na kilo 85. Mwili unaonyimwa chakula namna ile haupotezi mafuta tu. Hupoteza maji na misuli pia, na uzito unaporudi bila mazoezi, kinachorudi kwa wingi ni mafuta.

Katikati ya hayo nilinunua pia majani ya chai ya kuyeyusha tumbo kutoka kwa muuzaji mmoja aliyeyasifia sana. Nitasema kwa ufupi: yalinipeleka chooni. Kilichopungua kilikuwa maji, na kilirudi nilipokunywa maji.

Agosti nilianza upya, safari hii jikoni. Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa dogo kiasi kwamba mume wangu alicheka: niliweka kijiko cha chakula kando ya dumu la mafuta ya alizeti. Siku zote nilikuwa nikimimina kwa kukadiria, hadi vitunguu viogelee. Siku hiyo nilimimina kama nilivyozoea, kisha kabla ya kuwasha jiko nikayachota yale mafuta kwa kijiko na kuyahesabu: vijiko 9, kwa sufuria moja ya mchicha wa watu watano. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120, mafuta yawe ya alizeti, ya mawese au hayo yanayouzwa kwa bei ya juu kwa jina la afya. Nikapunguza hadi vijiko 3, vitunguu vikaiva kwa moto mdogo na kifuniko, nyanya zikaongeza maji yake, na hakuna aliyelalamika mezani isipokuwa mtoto mkubwa, ambaye hulalamika hata pilau ikipikwa. Lita moja iliyokuwa ikiisha kwa siku nne sasa hufika hata siku kumi, na katika bajeti ya nyumba hilo peke yake lilinitosha kuwa sababu ya kuendelea.

Chakula chenyewe sikukibadilisha sana, na hapa natofautiana na washauri wanaowaambia watu wa Kilimanjaro waache ndizi. Ndizi za kupika si adui. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama kidogo na nyanya nyingi, ni chakula kizuri, na kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kwa sababu ya maharage hayo hushibisha muda mrefu kuliko wali mtupu. Nilichokibadilisha ni nafasi ndani ya sahani: nusu nzima ikawa mboga za majani, mnafu, figiri au majani ya maboga kutoka soko la Mbuyuni, robo ikawa ndizi au ugali, na robo nyingine maharage, dagaa, yai au nyama. Soda niliiacha kabisa, kwa sababu chupa moja ya mililita 350 huwa na sukari inayozidi gramu 35, yaani takribani vijiko tisa vya chai, na haishibishi hata nusu saa. Parachichi niliendelea kulipenda, ila nusu, si mawili.

Kukimbia sikurudia mara moja, maana goti la kulia lilikuwa limeanza kulalamika. Nilianza kutembea kwa kasi ile ambayo mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Moshi inasaidia katika hili, kwa kuwa ukielekea kaskazini, upande wa mlima, njia inapanda taratibu: kutoka mjini kuelekea Shanty Town unapanda ukiwa na nguvu, na kurudi unateremka ukiwa umechoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Nilizigawa dakika zangu katika siku 5 za dakika 40, na zile siku 2 nilizifanyia uani: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, na kuinua madumu mawili ya maji ya lita 5. Watu wengi, hasa sisi wanawake, huruka sehemu hii ya misuli, ilhali ndiyo inayoulinda mwili usile nyama yake wakati chakula kimepungua, na ndiyo iliyoniondolea yale maumivu ya goti.

Nilipungua polepole, kilo moja na nusu hivi kwa mwezi, na miezi mingine sifuri. Nilipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani kila mwisho wa mwezi, na kuna mwezi mizani iligoma kabisa huku kiuno kikipungua sentimita 3. Bila utepe ule ningekata tamaa. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na daktari wake, hasa anayetumia dawa za kushusha sukari, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno anapobadilisha chakula na mazoezi kwa pamoja.

Kisha ikaja Desemba. Anayeijua Kilimanjaro anajua maana yake: wiki 2 za kisusio (supu yenye damu ya mbuzi), nyama, mbege (pombe ya ndizi) na wageni wasiokubali kukataliwa. Nilipofika kijijini Kibosho mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole kama apimavyo kuku sokoni. "Mwanangu, umekonda hivi, huko mjini hamli?" Nikamjibu kwamba tunakula, mama, ila sasa tunatembea pia. Hakuridhika. Nilikula nilichopakuliwa, nikaomba mnafu bakuli zima, na kila jioni nikashuka na watoto hadi mtoni na kupanda tena, mpando ambao hakuna barabara ya mjini inayoufikia. Nilirudi Moshi nikiwa nimeongezeka kilo 2, ambazo ziliondoka kabla ya Februari kwisha.

Leo nina kilo 71. Kwa urefu wangu bado ni nyingi, na daktari ameniambia hivyo bila kuficha. Kijiko kiko palepale kando ya dumu, na mume wangu, aliyekicheka, ndiye hunikumbusha kukitumia siku ninapopika kwa haraka.