Kabla hujatia mkasi: kwa wanaoanza kushona mitumba na ukili Unguja

Wengi mnaokuja kujifunza kazi hii mnakuja na picha kwenye simu. Koti la jinzi lenye kola ya ukili (ule mkanda wa majani uliosukwa), mkoba wa kanga kuukuu, gauni la viraka. Picha nzuri, sina ugomvi nazo. Suala langu la kwanza huwa hili: mteja akitaka kumi, utampa? Shati la mtumba uliloliokota soko la Darajani halina pacha wake. Ukishalishona limekwisha, na mwenye duka la mtaa wa Gizenga au la hotelini Nungwi hapangi rafu kwa nguo moja. Anataka akiuza tano leo, wiki ijayo apate tano nyengine zinazofanana nazo.

Kwa hiyo anza na mkato. Chagua umbo moja, mawili yakizidi, ulijue mpaka nusu sentimita, patani zake uzikate kwenye kadibodi na uzitundike ukutani. Kitambaa ndicho kitakachobadilika. Koti la mistari ya buluu na koti la maua ya kijani, yakikatwa kwa patani moja na kupewa vifungo vya kifuu vya aina moja, mtu anayaona mbali kuwa ni mali ya fundi mmoja. Wala si jambo jipya kwetu. Kanga yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza karne ya 19 kwa wanawake wa mwambao kununua leso za Kireno na kuziunga sita sita. Leso zilikuwa tofauti, muungo ulikuwa mmoja.

Kitambaa ukijue kabla ya kukilipia. Kuna jaribio la moto: chomoa uzi kwenye upindo, uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. (Usifanye hivyo mbele ya meza ya mwenye mitumba. Ondoka na uzi wako.) Hili lina maana, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na poliesta hairudi. Ukiziunga bila kuzifua kwanza, mshono utakunjamana mara ya kwanza mteja atakapofua, na hapo pasi haisaidii. Fua kila kitu kwanza, hata kilichonukia sabuni sokoni. Kanga mpya zisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama zinachuja, na usitegemee chumvi kuzuia rangi.

Kanga ina jambo jengine. Mgeni haoni jina, yaani maneno yaliyoandikwa, mwenyeji analisoma kabla hajakuangalia usoni. Ukiikata kanga ya "Hasidi hana sababu" bila kufikiri, unaweza kumvisha mtu mkoba ulioandikwa "Hasidi". Ama ulichukue jina zima, ama uliache kabisa na utumie mji (sehemu ya kati) na pindo.

Kuhusu kupata mali, usiegemee belo la mitumba peke yake. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa wa mitumba, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Huku kwetu mitumba inaendelea kuingia, lakini bei yake inafuata dola, bandari na maamuzi ambayo fundi wa Jang'ombe haulizwi. Tafuta pia vya karibu. Mafundi wa nguo za harusi wanatupa vipande vya bitana na lasi kwa gunia. Mahoteli yanabadilisha mashuka ambayo yametoboka sehemu moja tu. Na matanga ya zamani ya ngalawa, yale ya maradufu, yanatoa mikoba ambayo sijaona kitambaa cha dukani kinachoishinda: jua na chumvi vimekwisha kuyalainisha, na viraka vya baharia ni pambo ambalo huwezi kulibuni. Yakate mbali na mshono wa zamani, kwani pale ndipo yalipooza.

Sasa ukili, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Miyaa, majani ya kusukia, hukatwa, huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili mrefu ambao baadaye hushonwa kuwa mkeka au mkoba. Anayeanza hununua mkoba uliokwisha kushonwa, akaukata apate kipande cha kola. Ukili ukikatwa hufumuka. Agiza wa urefu unaoutaka, na kama lazima ukate, piga kwanza mistari miwili ya cherehani, kisha kata katikati yake. Uloweshe kidogo kabla ya kushona usije ukavunjika. Tumia sindano nene, namba 16 au 18, na mshono mrefu. Mshono mfupi unautoboa tundu karibu karibu, nao huchanika palepale kwenye mstari. La muhimu kuliko yote: usiushone moja kwa moja kwenye nguo. Ufunge kwa vifungo, mteja auvue kabla ya kufua. Kola ya ukili iliyopita kwenye mashine ya kufulia haina dawa.

Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na pima ya bibi mrefu si ya bibi mfupi. Mpelekee kila msukaji kamba yenye fundo mbili, moja mwanzo na moja mwisho, na kipande cha mfano cha upana unaotaka. Ukienda shamba, amkia, kaa, kunywa maji, ndipo useme shida yako. Jua pia kalenda yao. Upande wa Paje na Jambiani, bamvu likifika, siku maji yanapojaa na kupwa sana, wanawake wengi wako pwani kwenye mwani, na ukiahidiwa mzigo kwa siku hizo ni kwamba mtu ameona haya kukukatalia. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha, mafundi wote wa mjini wanashona nguo za Iddi, na kazi yako itasubiri. Lipa nusu unapoagiza. Anayesuka hana bohari ya miyaa, naye hununua.

Kwa kofia nitasema machache. Kofia ya mkono ni kazi ya wiki kadhaa, nyengine miezi, na nimeona watu wakizikata kofia nzima ili zipambe mikoba. Mimi sipendi. Mwombe mshonaji akushonee ukanda peke yake kwa nakshi zilezile, uutie kwenye mkono wa shati au kwenye kola, na umlipe kama anavyolipwa kofia. Utapata pambo lililo safi zaidi, na yeye atabaki na kazi.

Rangi za asili zinauzika kwa maneno matamu, lakini manjano ya bizari hupauka juani upesi, na mzingefuri, rangi ya mbegu nyekundu, haukai sana. Zitumie kwa bitana au kwa kitu kisichoanikwa, au mwambie mteja wazi kuwa rangi itabadilika. Shabu, yale mawe meupe ya kusafishia maji, hushikisha rangi kitambaani, ila haizuii jua.

Bei huwatatiza wengi kwa sababu wanahesabu kitambaa, na kitambaa ndicho rahisi kuliko vyote. Kulifumua suruali la jinzi, kung'oa zipu, kukata sehemu zilizochakaa na kupiga pasi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kushona chenyewe kitu kipya. Andika saa za kufumua kando na saa za kushona. Ukiona kufumua kunakula nusu ya siku, badilisha mkato utumie vipande vidogo, wacha kupambana na mshono wa kiwandani.

Maduka ya hoteli mengi yatakutaka mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa ukiuzwa. Kubali kama huna njia nyengine, ila muandikishane idadi, bei, siku ya hesabu, na nani anabeba hasara ikiibiwa au ikiliwa na panya. Katikati ya Machi, kabla masika hayajashika na wageni hawajapungua, nenda ukachukue vilivyobaki. Hoteli ikifunga, chumba cha duka hufungwa madirisha mwezi mzima, na ukili ndio wa kwanza kuota kuvu.