Mlango Usioanza kwa Fomu

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha mchana kinachopokea vijana wasio na makazi pamoja na wale ambao nyumbani kwao si salama. Tulipofungua, walikuja wengi kula, kuoga na kufua nguo. Baadaye wafadhili walitaka kuona matokeo, nasi tukaweka masharti: kila anayeingia ajaze fomu, aeleze alikotoka na sababu ya kuondoka kwao, na anayevuta gundi asipewe chakula. Sasa ukumbi ni mtupu, na wajumbe wenzangu wanasema vijana hawa wameshauzoea mtaa na hawataki kusaidiwa. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu mjumbe, walichokikataa vijana hao ni fomu yenu, na ukiitazama kwa macho yao utaona kwamba wana sababu. Kijana wa miaka 14 aliyekimbia kipigo anafahamu kuwa jina lake likishaandikwa, karatasi hiyo inaweza kumfikia mtu yule yule anayemkimbia. Na aliyewahi kukamatwa katika msako amejifunza kwamba wanaouliza majina huwa wameegesha gari nje. Akikuta meza, kalamu na mtu anayesubiri majibu, atageuka hata kama ana njaa ya siku mbili.

Rudini kwenye vitu vinavyoshikika: maji, sabuni, chakula, mahali pa kufua na kuanika, kabati lenye kufuli la kuhifadhia vyeti na dawa, na chumba cha kulala mchana. Hicho cha mwisho kamati nyingi hukikataa kwa kuona kwamba kinalea uvivu. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku, ilhali anayelala nje huupata kwa vipande, sikio moja likiwa macho, akilinda viatu vyake na mwili wake. Kumwita kwenye mafunzo ya ufundi kabla hajalala ni kumchosha mwalimu bure.

Kuhusu majina, pokeeni lolote atakalojitambulisha nalo. Taarifa ya wafadhili inaweza kuandikwa kwa idadi ya waliofika, umri wa kukadiria na huduma walizopata, bila historia ya mtu yeyote. Historia hiyo mtaipata kwa wakati wake, mara nyingi wakati wa kuosha vyombo, naye ataisimulia kwa mfanyakazi aliyemkuta pale pale, saa ile ile, kwa majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo ningependa mfungue siku tatu kwa wiki kwa saa zisizobadilika kuliko kufungua siku saba na kufunga ghafla kila kamati inapokuwa na kikao.

Suala la gundi linahitaji uangalifu zaidi. Mna haki kamili ya kukataza kuvuta ndani ya kituo, kama mnavyokataza silaha na ngumi, na vijana wenyewe wakishirikishwa kutunga kanuni hizo aghalabu huwa wakali kuliko ninyi. Lakini aliyefika akiwa tayari amevuta mwekeni mahali tulivu penye hewa ya kutosha, na mtu mzima amwangalie. Msimkimbize, msimkemee kwa sauti kuu wala kumkamata kwa kumvizia, kwa kuwa mvuke huo huufanya moyo uathiriwe kwa urahisi na homoni ya adrenalini, na mshtuko au mbio za ghafla zinaweza kuvuruga mapigo yake na kumuua papo hapo, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kuvuta. Mlinzi wenu mwenye fimbo aelezwe jambo hili leo. Zaidi ya hayo, wengi huvuta ili wasahau njaa na baridi, hivyo kumnyima chakula mvutaji ni kumrudisha kwenye chupa.

Kama wafadhili wanahitaji hoja ya kisheria, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla Na. 21 kuhusu watoto walio katika mazingira ya mitaani, na humo ikapinga mtazamo wa kuwaona kama wahalifu, na vilevile ule wa kuwaona kama mizigo ya kuokolewa bila kuulizwa. Hilo lihusu pia kurudishwa nyumbani: mtembeleeni mzazi kwanza, chunguzeni kilichomkimbiza mtoto, kisha mumsikilize yeye mwenyewe.

SWALI: Ninajitolea katika kituo kama hicho. Binti wa miaka 16 ameniambia, «Nina jambo, lakini uape hutamwambia mtu.» Nimjibu nini?

JIBU: Dada, usiape. Mweleze kabla hajaanza kwamba utaitunza siri yake, isipokuwa pale ambapo uhai au usalama wake au wa mwenzake umo hatarini, na hapo utawashirikisha wachache tu wanaoweza kumsaidia. Baadhi ya vijana hunyamaza wakisikia hivyo. Mwache, kaa naye, hurudi. Ikiwa amebakwa, saa zina uzito: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5, kwa hiyo afike hospitali kwanza, na maswali marefu yasubiri. Usimhoji kama mpelelezi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, uyafungie. Na kabla ya kumpigia simu mtu yeyote, mwambie unampigia nani na kwa nini, kisha umwachie achague atakayemsindikiza.