Chupa tupu ndizo zinazosema kweli

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Bila mdomo mtamu, mtu anaweza kazi ya mauzo?" Mimi nipo mauzo kwa msambazaji wa soda na maji hapa Mbeya, ruti yangu inaanzia Uyole inashuka Tukuyu hadi Kyela. Anaweza, tena vizuri. Mdomo mtamu mara nyingi ndio unaomwumiza mwenye duka.

Mwisho wa mwezi ukikaribia na malengo hayajafikiwa, simu za msimamizi haziishi. Kijana anambembeleza mama wa duka achukue kreti kumi badala ya nne, kwa mali kauli, yaani alipe akishauza. Kwenye karatasi malengo yametimia, lakini soda haijanywewa, imehama ghala tu. Akirudi kukusanya hela anakuta kreti zimepangwa ukutani zina vumbi, na pesa ambayo ingenunua unga na sukari imelala humo. Hilo linaniuma, maana mtaji wa duka la kijijini ni mdogo mno kuuchezea.

Ndiyo maana nikishaamkia sikimbilii oda. Naomba kwanza nione tupu, yaani chupa ambazo soda yake imeshanywewa. Kreti ya soda ni chupa 24, na asiye na tupu hapewi zilizojaa mpaka alipie chupa na kreti yake, kwa hiyo tupu ndizo zinazoniambia kweli kilichonyweka. Nazipitia midomo moja moja, kwa sababu iliyomeguka inakataliwa depo na hasara inabaki kwake. Kisha nafungua friji, nasoma tarehe, za zamani nazivuta mbele. Hapo ndipo tunaongea oda, na mara nyingi anaitaja mwenyewe: "Leo niachie mbili tu mwanangu, soko ni Alhamisi, pitia mapema." Naandika mbili. Alhamisi napita mapema.

Halafu kuna suala la baridi, ambalo waliokaa ofisini hulisahau. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela, kule kando ya Ziwa Nyasa, haifiki hata 600. Juni na Julai watu wa Uyole na Isyonje wako ndani ya makoti wanatafuta chai ya moto, wakati Kyela siku hiyohiyo ni joto, mpunga umevunwa na hela ipo mkononi. Ukiyapangia maduka ya juu na ya bondeni malengo sawa kwa miezi hiyo, unamlazimisha mtu wa mauzo amtwishe mzigo mama wa Isyonje.

Ningeulizwa na mabosi, ningesema kamisheni ihesabiwe kwa tupu zinazorudi depo, siyo kwa kreti zinazopakiwa kwenye Kanta asubuhi.