Windows mpya, mashine ya mtumba: majibu kwa walioniuliza

Tangu nilipodokeza hapa kwamba kompyuta yangu nimeihamisha kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, sina raha. Wengine wananiandikia, wengine wananisimamisha Darajani nimeshika mfuko wa samaki mkononi. Nina wiki tatu tu na mfumo huu, kwa hiyo yachukueni haya kama maneno ya mtu aliyehamia nyumba mpya: milango nimeshaijua, swichi za taa bado napapasa.

Nina HP ya mtumba niliyoinunua Mlandege. Muuzaji alisema ni "Core i5 kali", lakini yenyewe inaniambia haifai kwa Windows 11. Nimeibiwa? (Msomaji, Wete)

Hujaibiwa, ndugu yangu, ila umeambiwa nusu ya habari. Core i5 ni jina la daraja tu. Halikwambii mashine ni ya mwaka gani. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ukikuta i5-6300U, ile 6 inayoanza ndiyo kizazi chake. Ukikuta i5-8350U, hicho ni kizazi cha 8, na kwa upande wa Intel hapo ndipo Windows 11 inapoanzia. Yako, kwa maelezo uliyoniletea, ni ya 6.

Kuna masharti mengine: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isipungue GB 4, diski isipungue GB 64, na iwepo TPM 2.0, yaani sehemu ndani ya mashine inayotunza funguo za siri. Hayo mara nyingi yanatimia, na TPM wakati mwingine ipo ila imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Prosesa ndiyo inayowakwamisha watu wetu, maana hiyo huwezi kuiwasha wala kuiongeza.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Laptopu zinazoshushwa kwetu kutoka Dubai ni zile ambazo maofisi ya nje yameshamaliza kazi nazo. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya usalama vya bure, yaani masahihisho ya kuziba mianya ya wadukuzi, tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa fikiri mwenyewe ofisi hizo zinaondosha mashine zipi kwanza. Ni hizo za kizazi cha 6 na cha 7, nazo ndizo zinazong'arishwa na kupangwa dukani kwetu, tena nyingine zimeshalazimishwa Windows 11 ili mnunuzi asiulize. Kulazimisha kunawezekana, fundi yeyote mwenye flashi anaweza. Lakini Microsoft hawakuahidi viraka kwa mashine ya namna hiyo, na sasisho kubwa la mwaka linaweza kukugomea. Baya zaidi ni pale fundi anapotia na kile kiprogramu cha kuifanya Windows ionekane imelipiwa. Ili kikubali kukaa, anazima kinga ya virusi, na mara nyingi anaisahau imezimwa. Mimi nimeshazikuta mbili za hivyo mwezi huu.

Kwa yako, usiilazimishe. Upo mpango wa nyongeza wa viraka vya Windows 10, mwisho wake 13 Oktoba 2026, unajiunga nao kwenye ukurasa wa Windows Update. Huo ni wa kununua muda tu. Kama kazi zako ni barua, intaneti na kuangalia video, tia Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Inataka GB 2 za RAM kwa uchache, 4 kwa raha, na ni ya bure kweli, si bure ya kiprogramu cha fundi. Dell yangu kuukuu nimeitia hiyo na mtoto wa dada yangu anafanyia kazi za skuli, wala hajaniuliza Windows imekwenda wapi.

Tuna kompyuta nne hapa skulini, zote zinakubali Windows 11. Lakini bando letu dogo na umeme unakatika. Tufanyeje? (Mwalimu, Chake Chake)

Mwalimu, msishushe mara nne. Shusheni faili zima la Windows 11 mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, lile la ISO. Linapita GB 5, kwa hiyo tafuteni bando la usiku. Kisha litieni kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kiprogramu cha bure kinachoitwa Rufus, mzunguke nayo mashine kwa mashine.

Hapa pana mtego. Mkiwasha kompyuta kwa kupitia flashi, mnaelekea kuiweka Windows upya kabisa, na mafaili yanaweza kufutika yote. Iwasheni kama kawaida, Windows 10 ikishafunguka ndipo mfungue flashi na kubonyeza setup. Kwa njia hiyo mafaili na programu vinabaki, mkichagua vibaki. Hata hivyo nakilini matokeo ya wanafunzi kwenye diski ya nje kwanza. Hamadi kibindoni.

Umeme: laptopu ijae betri na ibaki kwenye chaji. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, lile betri la akiba la nje, msiiguse. Mfumo ukikatiwa njiani hujaribu kurudi ulipotoka, na mara nyingi hufaulu, lakini sisi tulioishi Unguja miezi mitatu gizani kuanzia Disemba 2009 hatuna sababu ya kubahatisha. Yangu ilichukua kama saa moja na nusu, ikajizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa. Hapo ndipo watu huogopa na kubonyeza kitufe. Kaeni mbali nayo, mnywe chai.

Start imehamia katikati na nikibonyeza kulia vitu vyangu vingi sivioni. (Bibi mwenye duka la fotokopi, Mwanakwerekwe)

Bibi, bonyeza kulia ule mstari wa chini mahali patupu, Taskbar settings, kisha Taskbar behaviors, kwenye alignment chagua Left. Na unapobonyeza kulia faili, shikilia Shift. Orodha ya zamani inarudi nzima.

Asalaam alaykum. Naandika masomo ya madrasa kwa Kiarabu na Kiswahili. Nahofia kibodi yangu itapotea. (Ustadh, Mkunazini)

Waalaykum salaam, Ustadh. Haipotei. Yangu ilikuwa na Kiarabu na nimeikuta palepale. Unabadilisha kwa kitufe cha Windows pamoja na Space, au Alt na Shift kama ulivyozoea. Kugeuza mstari uanzie kulia, bonyeza Ctrl na Shift za upande wa kulia pamoja. Kurudi, zile za kushoto. Hili la mwisho si jipya hata kidogo, lakini walimu watatu sasa wameniambia walikuwa wakisukuma maneno kwa Space mpaka yafike kulia, nikaona nilitaje.

Tangu nihame, bando la wiki halifiki siku mbili. Na kuna ujumbe kwamba nafasi yangu imejaa, wakati diski iko tupu! (Msomaji, hoteli moja Nungwi)

Hili lilinipata na mimi, nikailaumu kampuni ya simu bure. Mkosaji ni OneDrive. Katika yale maswali ya mwanzo, yale tunayoyabonyezea "ndiyo" ili yaishe, ulikubali mafaili yako ya Desktop, Documents na Pictures yapandishwe kwenye OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Ya bure ni GB 5 tu, ndiyo maana inalia imejaa. Na kila picha ya mgeni unayoiweka Desktop inapanda kwa bando lako.

Fungua alama ya wingu pembeni ya saa, ingia Settings za OneDrive, zima backup ya kila folda. Usishtuke ukiona Desktop imebaki tupu. Angalia ndani ya folda ya OneDrive, vitu vyako vimo humo, vihamishe. Kisha, kwenye kompyuta hiyohiyo, fungua mipangilio ya Wi-Fi unayoipata kutoka simu yako na uwashe Metered connection, ili Windows ijue hapa maji ni ya ndoo, si ya bomba.

Nikiichukia naweza kurudi? (Msomaji, Jambiani)

Ndani ya siku 10. Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, Windows inaifuta ile ya zamani, na kurudi ni kuanza upya.

Na weye mwenyewe? Umejuta? (Msomaji, Mkoani)

Sijajuta, ila sijaona maajabu pia. Nimehama kwa ajili ya viraka vya usalama, maana benki naifanyia humu. Mengine ni kanzu mpya kwa mtu yuleyule. Kinachoniuma ni kimoja: miaka yote mstari wangu wa programu niliuweka wima upande wa kushoto wa kioo, na toleo hili nililonalo linataka ukae chini tu. Wiki ya tatu hii, kila asubuhi mkono unakwenda kushoto wenyewe, unakuta patupu.