Mvua ya mawe na paa lako: majibu kwa wasomaji

Masika yakikaza, maswali kuhusu mvua ya mawe huja mengi, hasa kutoka kwa wanaonunua nyumba na wanaojenga vitalu. Nimechagua machache. Mimi ni mthamini wa majengo, kwa hiyo nitajibu nikiwa na paa kichwani.

Nataka kununua nyumba Njiro. Nimepata rekodi za kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, na sioni siku hata moja ya mvua ya mawe. Niamini kwamba eneo ni salama? (Msomaji, Sakina)

Usiamini bado, dada. Rekodi ile inakwambia kwamba pale Kisongo, saa ambazo mtu alikuwa kazini, hakuna aliyeona mawe yakianguka. Haisemi zaidi ya hapo. Kutoka Kisongo hadi Njiro unavuka mji mzima, na mvua ya mawe haiangukii mji mzima. Wingu hupita likiacha mkanda mwembamba: upande huu wa barabara migomba imechanika vipandevipande, upande wa pili nguo bado ziko kwenye kamba.

Jambo jingine ni kipimo chenyewe. Mawe yakiingia kwenye kipimo cha mvua huyeyuka na kuhesabiwa kama milimita za maji. Baada ya hapo hakuna wa kujua kuwa yalikuwa barafu, ila aliyekuwepo akaandika. Taarifa za viwanja vya ndege ndizo zinazosaidia hapa, maana zina alama maalumu: GR ni mawe ya milimita 5 au zaidi, GS ni madogo kuliko hayo. Kifupi cha uwanja wa Arusha ni HTAR, cha uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ni HTKJ. Chuo Kikuu cha Iowa State cha Marekani kimehifadhi taarifa za viwanja vya nchi nyingi, na kuzipakua ni bure. Tafuta GR, kisha hesabu mapengo. Saa isiyo na taarifa usiihesabu kama saa isiyo na mawe.

Halafu nenda kwenye nyumba yenyewe. Nenda jioni jua likiwa limeinama, usimame pembeni ya paa. Bati lililopigwa huonesha vishimo vidogo vya duara ambavyo saa sita mchana huvioni kabisa. Angalia mifereji ya maji, mfuniko wa simtanki, na plastiki ya mwanga kama ipo. Hivyo huumia mapema kuliko bati. Rangi iliyobanduka katikati ya kishimo na kuanza kutu ni kovu la zamani. Kishimo kinachong'aa ni cha karibuni.

Mwisho, zungumza na majirani, lakini usiwaulize kama huwa kunanyesha mawe. Waulize mwaka gani walibadilisha bati, na kwa nini. Mtu husahau mvua, ila gharama ya fundi haisahau.

Mwanangu, naweka kitalu cha nyanya na hoho hapa Kibosho. Wa mjini Moshi wananiambia huku juu mawe ni mengi kuliko kwao. Ni kweli au ni maneno? (Mama wa Kibosho)

Shikamoo mama. Wana hoja. Katika ukanda wetu, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Jiwe likishuka chini ya hapo linaanza kuyeyuka. Likielekea Moshi mjini, karibu mita 900, lina safari ndefu ndani ya hewa ya joto na mara nyingi hufika likiwa tone la maji. Kibosho ya juu linafika mapema, bado gumu. Isitoshe, mlima Kilimanjaro unausukuma juu unyevunyevu wa mchana, na mawingu makubwa hujijenga hapo hapo juu yenu. Mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, kule Kenya, yanajulikana kwa mvua ya mawe, nayo yako kwenye miinuko.

Kwa hiyo mama, rekodi za uwanja wa ndege wa Moshi hazikufai sana. Anza na jirani yako, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Lyamungu, uulize wana kumbukumbu gani. Hata daftari la shamba la chama cha msingi lina thamani, kama lina tarehe maua ya kahawa yalipopukutishwa. Kitalu kifunike kwa neti juu ya nailoni, iwe imevutwa ikaze na kuinama, mawe yateleze. Na tafadhali usipande miche yote kwa siku moja.

Mwanangu anaishi Dallas, Marekani, na anataka kununua nyumba. Kule rekodi ziko wazi kwa kila mtu. Azisomeje? (Baba, Usa River)

Kweli, wenzetu wamejaliwa. NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia hali ya hewa, lina hifadhidata ya dhoruba, bure, na taarifa zake za mvua ya mawe zinaanzia 1955: tarehe, mahali na ukubwa wa jiwe. Ila awe macho na mambo mawili. Mwaka 2010 kiwango cha jiwe linalohesabiwa kuwa la hatari kilipandishwa kutoka milimita 19 hadi 25, kwa hiyo akilinganisha idadi ya kabla na baada ya hapo atadanganyika. Pili, taarifa nyingi hutoka kwa watu, na palipo na watu wengi ndipo panapoonekana kupigwa zaidi. Mtaa uliojengwa juzi utaonekana ulikuwa salama zamani, kumbe palikuwa malisho tu. Aangalie eneo lote la kilomita kadhaa kuzunguka nyumba, asikodolee macho mtaa mmoja.

Nimepakua data za Moshi kutoka NASA POWER, hifadhi ya data za hali ya hewa ya shirika la anga la Marekani. Mbona hazina safu ya mvua ya mawe?

Hazina kweli. Zinakupa mvua, joto, upepo na mionzi ya jua. Zitakusaidia kupanga ukubwa wa tangi na sola, lakini mawe hutayapata humo.

Bati geji 28 au 30?

Ukiweza, 28. Namba ikipungua, bati ni nene. Lakini kabla ya bati, tazama kuta. Machi 2015, kule Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo iliua zaidi ya watu 40, na nyumba za udongo ziliwaangukia watu. Kwenye tofali mbichi, pesa ya kwanza iende kwenye msingi, lenta na kufunga kenchi. Geji itafuata.

Kampuni ya bima imekataa kunilipa paa. Inasema hakuna rekodi ya mawe tarehe hiyo. (Msomaji, Ngaramtoni)

Kwanza soma mkataba uone kama dhoruba na mvua ya mawe vimetajwa, maana bima ya moto peke yake haitoshi. Kama vimetajwa, iulize kampuni kwa maandishi: rekodi ya kituo gani, na kiko umbali gani kutoka kwako? Omba Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) taarifa ya maandishi ya siku hiyo kwa eneo lako, ukijua huduma hiyo huwa na ada. Hata ikithibitisha tu wingu la radi saa ile, umepiga hatua. Ongeza barua ya serikali ya mtaa, maelezo ya majirani wawili waliosaini, na picha. Picha ya jiwe ipigwe pamoja na rula, kabla halijayeyuka. Ukiwahi kuliweka kwenye friza, liweke. Wakikataa tena, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na barua yao ya kukataa iwe juu ya faili.