Maswali ya Wasomaji: Mtaa Husomwa kwa Njia Zake

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu umbo la miji: njia, nyumba, viwanja, na kwa nini mtaa mmoja umechangamka ilhali wa jirani umelala. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nina fremu mbili. Ya kwanza ukiipima kwenye ramani ipo mita 60 tu kutoka barabara kuu, lakini wapita njia hawaonekani. Ya pili ipo mbali zaidi, na hiyo ndiyo inayouza. Tatizo ni nini? (Mfanyabiashara, Tabata)

JIBU: Rula imekudanganya. Mpita njia hahesabu mita, anahesabu kona. Fremu iliyo mita 60 kutoka barabarani lakini nyuma ya kona tatu iko mbali kuliko iliyo mita 250 kwenye njia iliyonyooka, inayoonekana tangu kituoni.

Jambo hili hupimika. Bill Hillier na Julienne Hanson wa University College London walilifafanua kwa kirefu katika kitabu chao cha 1984. Msingi wake ni mwepesi: ukiwa kwenye njia fulani, utabadilisha njia mara ngapi kuzifikia njia nyingine zote? Kila kubadilisha njia ni hatua moja.

Chukua kalamu na karatasi. Chora mistari iliyonyooka, mirefu na michache kadiri inavyowezekana, mpaka kila njia ya mtaa ipate mstari wake. Tuseme imetoka saba. Kuu inakutana na Kisimani, Sokoni na Shuleni. Kisimani inakutana pia na Mbuyuni na Msikitini. Msikitini inakutana na Bondeni, na Bondeni haitokei kokote.

Simama Kuu uhesabu. Njia tatu zipo hatua ya 1, mbili zipo hatua ya 2, na Bondeni ipo hatua ya 3. Jumla ni 3 + 4 + 3 = 10. Gawanya kwa njia sita zilizobaki, unapata wastani wa 1.67. Rudia ukiwa Bondeni: jumla 17, wastani 2.83. Fremu ya Bondeni imejificha hata kama ukuta wake wa nyuma unagusana na maduka ya Kuu.

Sasa hesabu Kisimani. Jumla ni 9, wastani 1.5, yaani Kisimani imeipita barabara kuu kwa kufikika! Hapo lazima ushtuke, kwa kuwa hakuna mwenye fremu atakayekubali. Kosa ni letu: tumeukata mtaa mpakani kama kipande cha kitambaa, tukasahau kuwa Kuu inalisha pia mitaa ya ng'ambo. Ongeza njia nne za upande wa pili zinazokutana na Kuu, kisha rudia hesabu. Kuu inakuwa 1.4, Kisimani 1.7, Bondeni 3.3. Mambo yamekaa sawa. Shika kosa hili kichwani, maana litarudi katika swali linalofuata.

Kabla ya kuhamisha biashara, hakikisha kwa kuhesabu watu. Simama pembeni, fikiria kamba imekatiza njia, hesabu kila anayeivuka kwa dakika 5, pande zote mbili, kisha zidisha kwa 12 upate makadirio ya saa nzima. Fanya hivyo saa 1 hadi 2 asubuhi, saa 6 hadi 7 mchana, na saa 11 hadi 12 jioni, siku mbili za kazi na Jumamosi moja. Waendao kwa miguu wawe na safu yao, bodaboda na mikokoteni safu nyingine. Mchana wa Ijumaa karibu na msikiti haufai kuchukuliwa kama siku ya kawaida, wala siku ya mvua. Ukiona watu wengi mahali ambapo hesabu ya hatua inasema ni maficho, tafuta kinachowavuta: bomba la maji, geti la shule, kituo cha bodaboda. Hatua hazijui kwamba pale kona kuna mama lishe anayepika pilau nzuri.

SWALI: Nasoma mipangomiji na nimepangiwa kuchunguza muundo wa mtaa mmoja wa Manzese. Nina kompyuta ya kawaida na simu. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Kwa serikali ya mtaa, ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo. Anayepita vichochoroni akiandika na kupiga picha huhisiwa kuwa anapima viwanja au anatafuta nyumba za kubomoa. Ukishahisiwa hivyo, hata maswali mepesi hayajibiwi.

Kisha amua mpaka, na usiwe mmoja. Kuna mpaka wa serikali, na kuna mpaka wa wenyeji, ambao mara nyingi hufuata majina ya vituo kama Mwembechai, Kagera, Argentina au Tip Top. Chapisha ramani ileile nakala 25, wape wakazi 25 wa rika mbalimbali, na kila mmoja achore mtaa wake unapoanzia na unapoishia. Zipachike moja juu ya nyingine. Palipozungushiwa na wengi ndio moyo wa mtaa, na pale mistari inapotawanyika ndipo mpaka wenyewe haujulikani. Mtawanyiko huo ni matokeo, uandike, usiufute ili ripoti ipendeze.

Mpaka wa tatu ni wa hesabu, nao ndio wengi huusahau. Ukitaka kupima mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kama mita 800, chukua njia zote hadi angalau mita 800 nje ya mtaa. Usipofanya hivyo utapata ajabu ya Kisimani, na Barabara ya Morogoro itaonekana kama kichochoro.

Njia zipakue bure kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati hapa, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa iliyokuwa tupu kwenye ramani. Zifungue kwa QGIS, programu ya ramani, nayo ya bure. Halafu kabla ya kupima chochote, safisha. Ukipanga wiki moja ya kupima, panga mbili za kusafisha, kwa sababu makosa haya hayakosi:

Mistari isiyogusana. Kwa macho njia mbili zimekutana, lakini kati yake pamebaki nusu mita, na kwa programu hiyo ni njia isiyotokea.

Barabara ya njia mbili iliyochorwa mistari miwili. Inapokatana na nyingine ya aina hiyo unapata njia panda nne badala ya moja. Unganisha njia panda zote zilizo ndani ya mita 15 hadi 20.

Madaraja ya juu. Ukiiambia programu ikate mistari kila inapopishana, itaweka njia panda hewani pale Tazara, ambako tangu 2018 magari ya Daraja la Mfugale hupita juu ya wenzao.

Vichochoro visivyochorwa. Dawa yake ni miguu. Tembea na simu iliyowashwa GPS, na andika pia upana, kwa sababu kichochoro cha mita 1.2 hupitisha jeneza kwa taabu na gari la zimamoto hakiliruhusu kabisa.

Kipimo cha kwanza kiwe idadi ya njia panda zenye matawi matatu au zaidi kwa kilomita moja ya mraba, na pembeni yake idadi ya njia zisizotokea. Ili namba ziwe na maana, jenga kichwani mji wa mraba wenye vipande vya mita 100 kwa 100. Utakuwa na njia panda 100 na kilomita 20 za njia kwa kila kilomita ya mraba. Njia zikiwa na upana wa mita 15, zinachukua karibu asilimia 28 ya ardhi. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi na kilomita 18 za njia. Usishangae Manzese ikikupa njia panda nyingi kuliko pendekezo lolote lakini ardhi ya njia ikawa kiduchu: viungo vipo tele, upana ndio haupo. Anayeripoti namba moja tu kati ya hizo amesema nusu ya ukweli.

SWALI: Ramani ya zamani ya mpango wa mji niliyopewa haikai juu ya picha ya setilaiti. Imesogea kama mita 300 nzima. Je, niisogeze kwa mkono? (Fundi ramani, Morogoro)

JIBU: Usiisogeze. Inaelekea ramani hiyo iko katika Arc 1960, mfumo wa kupimia mahali uliotumika sana Afrika Mashariki, na picha iko katika WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Tofauti yake kwenu ni takribani hizo hizo mita 300. Katika QGIS itambulishe ramani kwa namba ya mfumo (EPSG) 21037, kisha ihamishe kwenda 32737. Hizo ni za ukanda wa 37 Kusini, unaofaa Morogoro, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Dodoma ipo magharibi kidogo ya nyuzi 36, kwa hiyo huko ni ukanda wa 36. Ukisogeza kwa mkono, utakuwa unakisia tu.

SWALI: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na mkoa una kilomita za mraba 1,393. Yaani watu 3,865 kwa kilomita moja. Mbona kwetu tumebanana kuliko hapo? (Mkazi, Tandale)

JIBU: Kwa sababu umegawa watu kwa mashamba ya Msongola, mabonde na mikoko ya Kigamboni pia. Hiyo ni hesabu ya mkoa, haisemi lolote kuhusu mtaa wako.

Chukua mtaa wa kubuni wa hekta 50 na watu 12,000. Kwa jumla ni watu 240 kwa hekta. Toa hekta 9 za njia, 3 za shule na 6 za bonde lisilojengeka, zinabaki 32, na hapo ni watu 375 kwa hekta. Namba zote mbili ni halali, ilimradi useme umegawa kwa nini.

Onyo kwa wanaokisia watu kwa kuhesabu mapaa kwenye picha: nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba sita, vitatu kila upande, inaweza kuwa ya familia moja au ya wapangaji sita na watoto wao. Paa ni lilelile. Piga hodi kwenye nyumba 30 zilizochaguliwa bila upendeleo ndipo uzidishe.

SWALI: Shuleni tunafundishwa miduara ya Burgess, inayouonyesha mji kama pete zinazozunguka kitovu kimoja. Dar es Salaam inaingia humo? Na kwa nini Mnazi Mmoja iliachwa uwanja katikati ya mji? (Mwalimu wa Jiografia, Kibaha)

JIBU: Burgess alichora Chicago mwaka 1925, na hata huko Ziwa Michigan liliikata miduara yake nusu. Kwetu bahari inafanya vivyo hivyo. Hoyt, aliyeandika 1939 baada ya kuchunguza kodi za nyumba za miji ya Marekani, anatufaa zaidi: aliona matajiri wakisonga kama kipande cha pai kufuata upande mmoja. Fuata ufuo kutoka Oysterbay kwenda Masaki utamwona. Lakini katikati ya kipande hicho yupo Msasani, kijiji cha wavuvi cha zamani, na hapo mchoro wake unatoboka.

Mnazi Mmoja haina siri. Chini ya utawala wa Waingereza mji uligawanywa kanda kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, iliyobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Uwanja uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo ili kutenganisha, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Sheria zile zimekwisha, lakini umbo halifutwi kwa tangazo. Simama Lumumba utazame Bibi Titi Mohamed: ili uende Posta kutoka Kariakoo bado unapita kwenye njia chache zinazovuka pengo hilo, na msongamano wake unaujua. Wanafunzi wako wapeleke pale kabla ya kuwachorea miduara ubaoni.

SWALI: Nataka kuchora njia za Mji wa Kale wa Lamu, lakini GPS ya simu inanionyesha nimepita ndani ya nyumba za watu. Na picha za angani nazo hazionyeshi baadhi ya njia. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Lamu)

JIBU: Kuta ndefu za mawe ya matumbawe huziba anga, na kosa la mita kumi kwenye njia ya mita mbili linakuweka sebuleni kwa mtu. Picha ya angani nayo haioni chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili.

Rudi kwenye futi kamba ya mita 30. Anzia pwani au kwenye uwanja wazi, ambako GPS inashika vizuri, pima kona hadi kona, na maliza kwenye sehemu nyingine iliyo wazi. Ukifika hapo na mahesabu yamepishana na GPS kwa mita nyingi, kuna kona umeisahau. Mistari ya kunyooka chora kwa kile jicho linachokiona ukiwa njiani, si kwa ramani: Usita wa Mui unaonekana kama mstari mmoja kwenye karatasi, lakini ukiutembea jicho linakatizwa mara kadhaa. Kila wikio liwekee alama yake, na kila mita 100 hesabu milango, madaka (kumbi za mlangoni) na baraza. Njia yenye baraza nne na njia yenye ukuta mtupu haziwezi kuwa sawa hata kama hatua zake zinalingana.

Unapohesabu wapitao, punda wape safu yao. Njia yenye ngazi au yenye upana usiotosha punda aliyebeba mchanga pande zote mbili huwa nzuri kwa watu na mbovu kwa fundi ujenzi, na kwenye ramani ya kawaida tofauti hiyo haionekani.