Mama kusafiri kutoka Mtwara hadi Marekani

Ndugu, umeuliza kama mama yako anaweza kutoka Mtwara asubuhi na kuunganisha ndege ya Marekani jioni hiyo hiyo Dar es Salaam. Mimi nisingethubutu: tiketi zikiwa mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri. Alale Dar usiku mmoja.

Mama yangu alikaa saa nyingi bila kuinuka, akiona haya kumsumbua jirani, na miguu ikavimba hata kandambili zikakataa kuingia. Kwa hiyo mkatie kiti cha kando ya njia, atembee kidogo na anywe maji mara kwa mara. Korosho za kukaanga abebe mkononi, lakini asali inayozidi mililita 100 iwekwe kwenye begi kubwa, la sivyo itabaki kwa wakaguzi.